Profesa wa Madoa na Mafua Yake Mawili

Naweka dau shati langu la drafti, lile ninalolipiga pasi mwenyewe mpaka kola inasimama wima kama askari wa gwaride: hakuna hata mmoja wenu atakayeamini kwamba mtu mzima mwenye ndevu, mwenye mke na biashara yake, alitoka kwa miguu yake mwenyewe kwenda kutafuta mafua. Sijasema dawa ya mafua. Nimesema mafua. Na wakati anatoka, mengine alikuwa nayo tayari.

Shati lipo kwenye hanga. Atakayeamini aje alichukue.

Mtu mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, dobi. Mtaani wanamwita Profesa. Jina hilo nililitunga mimi kumcheka, yeye akalivaa kama koti la sherehe. Tunafanya kazi chumba kimoja: yeye anafua, mimi napiga pasi. Maana yake kazi yenye ujuzi naifanya mimi. Kulowesha nguo hata mvua inaweza.

Hicho chumba chetu ni kirefu na chembamba kama soksi. Mlangoni kuna kaunta yenye plastiki iliyochanika pembeni. Katikati kuna mashine mbili za kufulia. Moja inafua, nyingine imekufa siku nyingi, tunawekea vibanio. Nyuma kabisa ndiyo meza yangu, imetandikwa blanketi la kijivu lenye alama nyeusi ya pasi, kumbukumbu ya siku ile Profesa alipotaka kunisaidia. Uani kuna kamba sita, nne za mashuka ya nyumba ya wageni, mbili za nguo za majirani.

Sasa huyu bwana hakubali kuitwa mfuaji. Watu wengine wanafua, yeye eti anatibu. Ukimletea shati lenye doa hakuambii lini litakuwa tayari. Analiinua dirishani, anakunja uso, analinusa, halafu anakuuliza kwa sauti ya chini, "Limeanza lini?" Na mteja naye, bila aibu, anajibu, "Tangu Jumapili, Profesa." Mimi nyuma huku naminya kicheko mpaka mbavu zinauma.

Ana daftari la jalada jekundu, la madoa peke yake. Ameliandika miaka kumi na tisa kwa mwandiko ambao hata kuku angeuonea haya. Wino: maziwa. Lami: mafuta ya kupikia. Kutu: ndimu na chumvi. Grisi: poda ya watoto. Na ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, ndiyo elimu yake yote hapa duniani: DOA HALITOLEWI NA MAJI, DOA LINATOLEWA NA DOA.

"Fikiria, shemeji," huniambia kila wiki, kana kwamba wiki iliyopita nilikuwa kiziwi. "Wino ni doa. Maziwa ni doa. Ukiyakutanisha yanashikana mashati, yanatoka yote mawili. Lami doa, mafuta doa. Unaona mpango huo?"

"Naona mpango wa sabuni," namjibu. "Ukishamwaga maziwa yako si unalifua kwa sabuni?"

"Wewe piga pasi."

Mimi niliishia darasa la sita, na hilo la sita nusu yake nililisomea nje ya dirisha. Lakini hata kutoka dirishani niliona mambo ambayo Profesa hajayaona mpaka leo.

Nakiri, elimu hiyo ndiyo iliyompa mke. Dada yangu alikuwa karani wa posta. Siku moja akaja na blauzi ya kazini, wino wa mihuri umeimwagikia kifuani. Profesa akaikalia siku nzima na vikombe viwili vya maziwa, blauzi ikatoka nyeupe kama jino. Dada akarudi na blauzi ya pili. Kisha ya tatu. Ile ya tatu, naapa, alijimwagia wino mwenyewe. Wakaoana, na mimi nikapata kazi, maana ukimchukua dada wa mtu na mdogo wake unaye.

Halafu ikawa miaka kumi na moja bila mtoto. Mashangazi wakasema yao, majirani wakasema yao. Profesa peke yake ndiye hakusema neno, na hilo ndilo jambo pekee la akili alilowahi kulifanya. Ila nguo za watoto za wateja hakuniachia hata siku moja. Nikishazipiga pasi ananipokonya, anazikunja mwenyewe, polepole, vishati na visoksi, kama mtu anayefunga zawadi. Mimi najifanya natafuta maji ya pasi.

Mwaka wa kumi na moja dada akashika mimba. Akajifungua Jumatatu mchana, kwa upasuaji, mtoto wa kike. Hospitali wakasema, mambo yakienda vizuri, mama na mtoto watatoka Jumamosi. Jumanne ndiyo siku ambayo baba alipaswa kumwona mwanawe. Na Jumanne hiyohiyo, kwa bahati ya kichwa chake, akaamka na homa, viungo vinamuuma, na kikohozi kama mbwa aliyefungiwa kwenye pipa.

Akaenda hivyohivyo. Nilikuwa naye. Mlangoni pa wodi akasimama muuguzi mmoja mfupi, mwenye sauti ya kengele ya shule.

"Baba, wewe unakohoa."

"Ni kikohozi cha furaha, sista."

"Cha furaha hakina makamasi. Geuka urudi."

"Nimwone tu. Simshiki."

"Mtoto ana siku moja duniani. Hayo yanayokulaza wewe siku tatu, yeye yanaweza kumziba pumzi. Mpaka homa iishe, kikohozi kiishe, ndipo uje. Usimshike, usimbusu, usimpulizie."

Akanyoosha shingo juu ya bega la muuguzi. Alichokiona ni pembe ya blanketi la njano. Basi. Mimi, ambaye sikuwa na kikohozi, niliingia. Nikamwona mtoto, nikatoka nikamweleza: pua ya kwao, namshukuru Mungu, si ya kwake. Hakucheka.

Tuliporudi kazini alikaa juu ya rundo la mashuka machafu akahesabu vidole. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Vidole vinne. Miaka kumi na moja nyuma yake, na siku nne mbele. Halafu nikamwona anafungua daftari jekundu, na mimi hapo nikajua mambo yameharibika.

"Shemeji, haya mafua ni doa."

"Haya mafua ni mafua."

"Doa la mwili. Maji nimekunywa, limekataa. Dawa nimemeza, limekataa."

"Umemeza asubuhi, sasa hivi mchana. Nenda kalale."

"Doa linatolewa na nini?" akaniuliza, jicho limemtoka kwa homa.

Nilidhani anaweweseka. Kumbe anapanga.

Jumatano mchana akapotea. Nyumba ya wageni wanataka mashuka yao, mashine inalia, mfuaji hayupo. Nikatoka kumtafuta. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mama mmoja tunamwita Mama Pacha, ana pacha wa mwaka na nusu, na hao pacha walikuwa wamekohoa wiki nzima, mtaa mzima unawasikia. Nikachungulia ndani. Profesa amekaa sakafuni, mtoto mmoja goti hili, mwingine goti lile, makamasi yanateremka mistari minne.

"Shemeji yako leo ana upendo wa ajabu," akasema Mama Pacha, amejilaza kwenye kochi, miguu juu. "Kaja mwenyewe. Kasema nipumzike, atanishikia."

Nikamtazama huyo mwenye upendo. Anampangusa mtoto kamasi kwa leso yake, halafu leso hiyohiyo anajipangusia pua yake. Anachukua kikombe cha chai walichobakiza, anakunywa mpaka chini. Mtoto mmoja akamkohoa usoni, paa! Mwenzangu akafumba macho akavuta pumzi ndefu, kama bwana harusi anayenyunyiziwa manukato.

"Mama Pacha," nikasema, "unajua kwamba huyu ana homa tangu jana?"

"Homa? Kaniambia ni vumbi la sabuni!"

Akaruka kutoka kwenye kochi. Akawanyakua watoto, mmoja kwapa hili, mmoja kwapa lile, na bado akapata mkono wa kushika ndala. Sijui mkono huo aliutoa wapi. Profesa alitoka pale amejifunika kichwa, na mimi nilibaki nyuma kidogo ili nisikose hata ndala moja. Wale pacha walipata homa Jumamosi. Walipona. Hasira ya mama yao haijapona mpaka leo, anafulisha kwa dobi wa barabara ya pili.

Njiani nikampa vidonge vyake. "Wewe unajiita profesa? Hata mimi mpiga pasi najua. Shati lina doa moja, una nafasi. Ukiweka doa la pili juu ya la kwanza, halafu ukapitisha pasi ya moto, basi, yameiva humo humo. Shati linakwenda kupigia deki. Na wewe una homa. Homa ndiyo pasi!"

"Utaona Jumamosi," akasema.

Na mnajua nini? Jumamosi ikafika, homa haipo. Bwana kaamka mwepesi, kanyoa, kavaa shati jeupe. Kikohozi kimebaki kidogo cha kuzuga. Akawa anazunguka chumba kizima akipiga kofi ukutani. "Limetoka! Si nilikwambia? Mafua yamekutana na mafua, yametoka yote!"

"Siku nne za homa zimekwisha zenyewe," nikamwambia. "Hata ungewashika mbuzi pacha zingekwisha."

Hakuna mafua duniani yanayozuia mafua mengine, nikaendelea kumwambia, ni upuuzi, ni wewe peke yako na daftari lako. Niliongea kwa sauti ya mtu anayejua, maana sauti hiyo ninayo.

Dada akaja na teksi nyumbani, tunakokaa sote, saa nne asubuhi. Anatembea ameinama kwa ajili ya mshono. Mimi ndiye niliyempokea mtoto, mimi ndiye niliyembeba kutoka kwenye teksi mpaka kitandani, nikambusu kichwani, kinanuka maziwa. Baba mtu alipofika mbio kutoka kazini, nikasimama katikati ya mlango, mikono kwenye fremu zote mbili.

"Pisha, shemeji."

"Kohoa kwanza."

"Sikohoi."

"Vuta pumzi ndefu basi."

Akavuta. Akakohoa. Nikacheka. Akachungulia chini ya kwapa langu akaongea na mkewe kutoka palepale.

"Mama mtoto, nimepona. Mwambie huyu mdogo wako apishe."

Dada akamvuta mtoto karibu. Kisha akasema, "Wewe ngoja mpaka Jumatatu."

"Nimengoja miaka kumi na moja."

"Ndiyo nakwambia. Siku mbili hazitakushinda."

Akasimama pale kama dakika kumi, anaomba, anabishana, anaomba tena. Halafu akageuka. Alilala kazini kwetu, juu ya mashuka, Jumamosi na Jumapili. Alipoondoka nikamwambia dada, "Umefanya vizuri. Yule mtu ni gunia la magonjwa linalotembea."

Jumatatu asubuhi nikafungua kazi. Nimezoea kumkuta amewasha mashine. Siku hiyo kimya. Nikamkuta amekaa chini, mgongo kwenye ile mashine iliyokufa, mabega yanapanda na kushuka. Anapumua kama pasi ya mvuke iliyoishiwa maji: inafoka, inakatika, inafoka. Midomo imekuwa ya kijivu kama shuka lililofuliwa pamoja na soksi nyeusi.

"Yanapigana, shem," akasema, neno moja moja. "Ngoja... yamalizane."

"Yanakumaliza wewe, pumbavu!"

Nikambeba. Ndiyo, nilimbeba, na si mwepesi. Hospitali wakambana kidole kwa kidude kinachowaka taa, kikaandika themanini na sita. Mimi nikafurahi. Themanini na sita shuleni sijawahi kuipata hata kwa kunakili.

"Safi, eh, daktari?"

Daktari, mwanamke mwenye miwani na uso wa kutotaka utani, akaniambia, "Hapa mtu mzima anatakiwa awe na tisini na tano kwenda juu. Hewa haimtoshi." Wakamvalisha barakoa ya oksijeni, wakampandisha ghorofa ya tatu. Kukawa na watu wa utafiti wa magonjwa ya kifua, wakamwingizia kijiti cha pamba puani, kirefu nikadhani kitatokea kisogoni.

Jumanne mambo yakawa mawili. Asubuhi dada akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mtoto pua imeziba. Anashika ziwa, anaachia, analia, anashika tena, anaachia. Kanyonya mara moja tu tangu alfajiri. Mtoto wa siku nane, mwili wote mkubwa kuliko mkate kidogo tu, anatafuta pumzi.

"Ametoa wapi?" dada akauliza. "Nani kamletea?"

Swali gani hilo? Jibu nilikuwa nalo mdomoni tayari.

"Mumeo. Nani mwingine? Alisimama pale mlangoni dakika kumi anakupulizia maneno. Na si mafua ya kawaida hayo, dada. Kayafuata kwa pacha." Nikamweleza yote: magoti mawili, leso, chai. Nilieleza vizuri, sijisifu, niliigiza mpaka ile pumzi ndefu. Dada hakucheka. Alimfunika mtoto akasema, "Tafuta gari."

Wakalazwa hospitali ileile, ghorofa ya chini, wodi ya watoto. Wale watu wa utafiti wakaja na vijiti vyao. Wakampima mtoto, wakampima dada, wakanipima na mimi kwa kuwa naishi nyumba moja nao. Nikawaambia mnapoteza pamba, mimi na mafua hatujuani.

Sasa nikawa mpanda ngazi. Chini kuna dada na mtoto, juu kuna Profesa na oksijeni. Jumatano daktari wa miwani akanieleza majibu ya juu.

"Shemeji yako ana virusi vya aina mbili kwa wakati mmoja. Vya kwanza ni vya homa ya mafua ya msimu. Vya pili ni vile vinavyowasumbua sana watoto wadogo."

"Vya pacha," nikasema. "Daktari, huyu mtu alivifuata. Aliamini mafua yanatoa mafua. Mwambie tafadhali, kwa cheo chako, kwamba ni mjinga."

Akavua miwani. "Kuvifuata ni ujinga. Ila wazo lenyewe halikutoka hewani."

"Unasemaje?"

"Virusi vya kwanza vikiingia, mwili unapiga king'ora. Seli za njia ya hewa zinajifungia milango. Virusi vingine vikija siku hizohizo, mara nyingine vinakuta pamefungwa, vinashindwa kuingia au vinachelewa. Hilo linatokea, limeonekana."

Nikahisi kama nimekanyaga sabuni. "Kwa hiyo alikuwa sahihi?"

"Mara nyingine king'ora kinachelewa. Virusi vya kwanza vimeshachubua njia ya hewa, vya pili vinapita mahali palipochubuka. Walinzi wa mwili wanapigana pande mbili, wanavuruga, na vita vyenyewe vinavimbisha mapafu. Mtu mmoja mwenye virusi viwili anaumwa sawa na mwenye kimoja. Mwingine anaumwa mara mbili. Inategemea ni virusi gani, kipi kilitangulia, na kifua cha nani. Huyu kifua chake kimevuta unga wa sabuni na dawa za madoa miaka mingi. Hakuna anayeweza kukwambia mapema itakuwaje. Ndiyo maana hatuchezei."

"Na akipona, si atakuwa na kinga ya yote mawili? Afunge duka la mafua?"

"Mwili utavikumbuka, lakini si sana wala si milele. Mwakani anaweza kuyapata tena."

Yaani kapigwa mara mbili na cheti hakupewa. Hiyo nilikwenda kumwambia Profesa mwenyewe, pembeni ya kitanda. Barakoa inamfanya uso wote ukungu. Hakujali. Alinishika mkono wa shati.

"Mtoto?"

"Amelazwa. Chini."

Macho yakamtoka.

"Pua. Hanyonyi vizuri. Na dada amesema hataki kukuona. Anasema wewe ndiye uliyemletea."

Hapo ningeweza kukaa kimya. Sikukaa. Nikaongeza kwamba mtaa mzima unasema hivyo, wakati mtaa mzima ulikuwa haujui kitu isipokuwa Mama Pacha.

Profesa akageukia ukuta. Mchana wakaleta chakula, hakugusa. Jioni muuguzi akamwambia alale kifudifudi apate hewa zaidi, akawa kama hasikii. Alhamisi vilevile. Kile kidude cha kidoleni kilikuwa kimepanda mpaka tisini na mbili, Alhamisi kikarudi themanini na tisa. Yule muuguzi wa ghorofa ya tatu, baba wa makamo mwenye mikono mikubwa, akanivuta korido.

"Bwana, huyu mgonjwa wako ameacha kusaidiana na sisi. Kuna nini?"

"Ana aibu," nikasema. "Na anastahili."

Akanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mtu akishindwa kupumua, aibu mnamwekea akiba. Mwambie mkewe apande."

Nikateremka. Nikamwambia dada, nusunusu. Amekaa na mtoto kifuani, wanamsafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi kila mara kabla ya kunyonya. Mtoto alikuwa ameanza kuvuta ziwa kwa nguvu. Dada akasema, "Apande nani? Aliyekwenda kunywa mafua ya watu kwa kikombe, halafu akaja kusimama mlangoni kwangu? Siendi."

Ijumaa asubuhi daktari wa miwani akashuka mwenyewe na karatasi. Akaanza na la kheri: mtoto hana virusi vya hatari, mapafu safi, ana mafua mepesi ya kawaida, kesho huenda akatoka.

"Mepesi?" dada akauliza. "Si yale ya baba yake?"

"Hapana. Wala vya kwanza wala vya pili. Baba ana aina mbili, mtoto ana ya tatu, tofauti kabisa."

"Kaitoa wapi?"

Daktari akageuza karatasi, kisha akanitazama mimi. "Wewe ulipopimwa Jumanne ulikuwa nayo. Hiyohiyo."

"Mimi? Mimi siumwi!"

"Wiki iliyopita hukupiga chafya? Koo halikukuwasha?"

"Ijumaa kidogo. Ilikuwa sabuni ya unga, tulifungua mfuko mpya..." Nikajisikia ninavyosema. Vumbi la sabuni. Neno kwa neno.

Dada hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Ulimbeba kutoka kwenye teksi. Ulimbusu."

"Kichwani tu."

Sasa mimi si mtu wa kuachwa chini hivihivi. Nikamgeukia daktari. "Lakini ngoja. Si ulisema vya kwanza vinaweza kufungia vingine mlango? Basi kama yangu ndiyo yaliyotangulia kwa mtoto, si ina maana yalimkinga na yale mabaya ya baba yake? Si nimemwokoa?"

"Labda," akasema daktari. "Na labda hapana. Kwa mtoto mmoja hakuna atakayejua. Usijisifie, na usimbusu tena."

Dada akampa muuguzi mtoto. Akajishika pale kwenye mshono, akapanda ngazi ghorofa tatu, taratibu, bila kunitazama na bila kukubali nimshike mkono. Nilimfuata nyuma mpaka kwenye kioo cha mlango. Wakamvalisha barakoa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ni kweli ulikunywa chai ya wale pacha?"

Profesa akaitikia kwa kichwa.

"Yote?"

Akaitikia tena.

Dada akacheka. Alicheka huku analia kwa maumivu ya mshono, anajishika tumbo, anamwambia, "Mjinga wewe. Mjinga mkubwa. Mwanao hajambo. Si wewe uliyempa. Ni yule pale," na akanyoosha kidole kwenye kioo bila kugeuka. "Lala kifudifudi kama ulivyoambiwa."

Akalala kifudifudi. Niliona.

Alitoka hospitali baada ya siku kumi na mbili. Mpaka sasa akikamua shuka moja zito anakaa kwanza, ndipo akamue la pili, na kazi ya kamba za uani imeniangukia mimi. Kikohozi kilikataa kuisha, na dada alikataa kulegeza, kwa hiyo Profesa alimshika mwanawe kwa mara ya kwanza mtoto akiwa na siku thelathini na moja. Hakujua kumshika. Alimnyooshea mikono miwili kama anapokea shuka lililolowa, viwiko vimekakamaa, anaogopa kupumua. Nilimcheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mimi dada hanipi mtoto. Nilimwambia kwamba mumewe ndiye aliyemletea mafua, na nikalipandisha jambo hilo ghorofa ya tatu nikampelekea na mgonjwa. Nilikosea. Mafua ya mtoto yalikuwa yangu.